Mkeka Uliofumuliwa Uwanjani

Mwanasaumu binti Faki hakuwa mtu wa kupimwa. Kwa miaka yote aliyokaa Changamwe, yeye ndiye aliyewapima wenziwe: huyu hajui kuunga mchuzi, yule ana maneno mengi kuliko nywele, na yule mwingine mahari yake madogo na kiburi chake kikubwa. Kwa hiyo siku ile Suad, binti wa kaka yake, alipomsomea masharti ya kampuni ya ndege na kufika pale palipoandikwa kwamba kila abiria atapandishwa mizanini, Mwanasaumu aliweka chini utepe wa ukili aliokuwa akiusuka, akamtazama msichana kama aliyemtukana.

"Mizanini? Mimi? Kwani mimi mbata?"

"Si mbata, shangazi," Suad alijibu kwa sauti yake ile ndogo, ambayo hata chuo cha ualimu hakikuweza kuikuza. "Ndege yenyewe ni ndogo. Wanataka kujua uzito wa kila kitu kabla haijaruka."

"Basi na waipime hiyo ndege yao. Mimi najijua."

Barazani, Mwinyihaji alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mwinyihaji alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mwanasaumu, mnunuzi wa mbata, yaani nazi kavu, na tangu Mwanasaumu alipoingia katika nyumba ile akiwa bi harusi, hawa mashemeji wawili hawajapata kukutana wakaachana bila kurushiana maneno.

"Njoo dukani kwangu, shemeji," alisema alipopata pumzi. "Nikupime mimi kabla hao hawajakupima. Mizani yangu imezoea magunia."

"Mizani yako imezoea kudanganya watu. Ikinipima mimi itatubu."

Suad aliinamisha uso asionekane akicheka, akaendelea kusoma. Mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege una kikomo chake. Cha kushika mkononi ni kile tu kinachokaa mapajani pa abiria bila kumsumbua jirani: mkoba, mwavuli, koti, kitabu, chakula cha mtoto mchanga, kazi ya mkono ya kupitishia wakati.

"Kitabu sisomi," Mwanasaumu alihesabu kwa vidole, "koti sina, na mtoto mchanga ndiye ninayemfuata. Kumbe haki yangu mimi ni mwavuli tu!"

Akaokota ukili wake akaendelea kusuka, na hapo hakuna aliyemtania tena. Wote wawili walijua ukili ule ni wa nini, ingawa hakuna aliyethubutu kuutaja.

Hafswa alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipoposwa na Jamaludin, kijana wa Unguja, mama mtu alikasirika, si kwa sababu kijana alikuwa na ila, bali kwa sababu kati ya Changamwe na Unguja kuna maji. Walibishana mama na mwana, na siku moja katika mabishano hayo Mwanasaumu alisema, "Ukivuka bahari, basi utalala mkeka wa wenyewe. Wangu huupati."

Kwa watu wengine neno hilo lingepita. Lakini katika ukoo wa kina Mwanasaumu, mama ndiye anayemsukia binti yake mkeka wa kuolewa, na mtoto atakayezaliwa hulazwa siku yake ya kwanza juu ya mkeka huohuo. Mwanasaumu mwenyewe alilazwa hivyo, na Hafswa vilevile. Harusi ikafanyika, maana posa ilishakubaliwa na wazee. Hafswa aliondoka na masanduku, kanga, sinia na kila kitu cha bi harusi, ila mkeka.

Hasira ya Mwanasaumu ilikwisha hata kabla jahazi halijatoka bandarini. Alichokuwa nacho ni ulimi uliokwisha kusema. Barua zilikwenda na kurudi, Suad akiandika na Suad akisoma, salamu za huyu na habari za yule, na neno lile halikuguswa na mama wala mwana. Kisha ikaja barua kuwa Hafswa ni mjamzito. Siku ya pili yake Mwanasaumu alinunua ukindu, akauanika, akautia rangi ya zambarau na nyekundu, akaanza kusuka. Alisuka ukili asubuhi na jioni, na hata ndege zilipopita juu ya paa lake zikielekea uwanja wa Port Reitz na kuupeperusha ukindu wake, alizitukana bila kuinua kichwa.

Sasa Jamaludin alikuwa ameleta simu ya maandishi. Miguu ya Hafswa imevimba, mkunga anasema siku ni chache, na meli ya kwenda Unguja bado sana. Amemkatia mama tikiti ya ndege. Kwa hiyo Mwanasaumu alimaliza ukili wake haraka, akaushona safu kwa safu ukawa mkeka, akautia taraza nyekundu, pambo la pembeni, akaukunja kama bomba akaufunga kwa kamba. Ukisimamishwa ulimfika mabegani.

"Mkeka mzuri," Mwinyihaji alisema, akiuzungukazunguka. "Nani anaolewa?"

"Wewe," Mwanasaumu alijibu. "Tumekupatia ajuza Kisauni, hana meno, hatakuuma."

*

Uwanja wa Port Reitz ulikuwa wa askari wakati wa vita, na ingawa vita vilikwisha miaka michache nyuma, bado ulikuwa na sura ya kiaskari: vibanda vya mabati, mistari ya chokaa chini, na kamba za kumwambia mtu asipite. Walifika kwa lori la Mwinyihaji, Mwanasaumu mbele ndani ya buibui lake jipya, mwavuli mapajani na mkeka umeegemea bega lake, Suad na sanduku nyuma, na harufu ya mbata kila mahali.

Karani wa mizani aliitwa Gona, kijana mrefu aliyevaa kaptura iliyonyooshwa na soksi mpaka magotini. Alipima sanduku, likapita. Kisha akaonyesha mizani kwa adabu.

"Mama, tafadhali. Weka huo mkeka chini upande."

"Nikiuweka chini, mimi nitashika nini? Nikianguka hapo, utanibeba wewe?"

Gona alimtazama, akapima moyoni kama angeweza, akaamua asibishane. "Basi panda nao."

Mwanasaumu akapanda, ameukumbatia mkeka kama mtu anayeaga. Mwinyihaji, aliyekuwa amesimama mbali kama asiyehusika, alianza kurefusha shingo. Gona akaweka kiganja juu ya uso wa mizani, akaandika.

"Ngapi?" Mwinyihaji aliuliza.

"Ni siri ya kampuni, mzee."

"Mwanangu," Mwanasaumu alimwambia Gona akishuka, "Mungu akupe mke mwema. Shemeji yangu huyu atakufa na kiu ya kujua."

"Niambie basi jumla, mkeka nitautoa mwenyewe!" Mwinyihaji alimsihi Gona.

"Toa roho yako kwanza."

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Gona alipoushika mkeka, akautazama juu mpaka chini, na uso wake ukabadilika. Akaenda nao mpaka ilipo ndege, akaujaribu kwenye kimlango cha mizigo hivi na hivi, akarudi nao.

"Mama, huu hauingii. Mlango wa mizigo ni mdogo."

"Si neno. Nitaushika mwenyewe."

"Hauwezi kushikwa. Cha mkononi ni cha kukaa mapajani. Huu utaziba njia, na njia ikizibwa rubani haruki. Tutautuma kwa meli."

"Meli ya lini?"

"Ikija."

Mwinyihaji akasema ukunjwe mara tatu kama shuka. Mwanasaumu akamwuliza kama yeye akikunjwa mara tatu atakunjuka sawasawa. Mkeka mpya wa ukindu uliokazwa vile ukikunjwa hivyo unavunjika, na hata ukikunjwa, Gona alisema, bado ni mkubwa kuliko mapaja ya mtu. Suad, masikio yamemwiva kwa aibu ya kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya watu, alimsihi karani. Gona alimjibu kwa upole kwamba masharti si yake.

Basi Mwanasaumu akakaa kwenye benchi. Hakumtukana mtu, na kwa Mwinyihaji hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi yote. Alikuja akakaa kando yake.

"Enda, shemeji. Mkeka nitauleta mwenyewe kwa meli. Wallahi nitauleta."

"Mtoto atakuwa ameshazaliwa."

"Mtoto hajui mkeka."

"Mama yake anajua," Mwanasaumu alisema polepole. "Nilimwambia atalala mkeka wa wenyewe. Sasa niingie mlangoni pake mikono mitupu, na mwanawe naye alazwe mkeka wa wenyewe? Nikafanye nini huko? Nikampepee?"

Mwinyihaji akauegemeza mkeka vizuri kwenye benchi.

Wakati huo abiria mwingine alikuwa akipita mbele ya Gona, memsahibu mmoja mzee wa Kizungu, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Mkononi alikuwa na kikapu cha sufu, na juu yake sindano mbili ndefu zimening'iniza kitu cheupe ambacho hakijawa kitu. Gona alikichungulia kikapu, akamruhusu.

Mwanasaumu aliinua kichwa.

"Suad. Yule kabeba nini?"

"Sufu, shangazi. Anafuma."

"Muulize karani mbona kampitisha."

Suad akaenda, akarudi. "Anasema ni kazi ya mkono. Inaruhusiwa. Ndiyo ile niliyokusomea."

"Na ile nguo ikisha kwisha?"

"Ikisha kwisha ni nguo, inakwenda sandukuni. Ikiwa haijaisha ni kazi."

Mwanasaumu alisimama. Alitazama mkeka wake, alitazama kikapu cha memsahibu, alitazama ndege ambayo bado ilikuwa ikisubiri magunia ya barua kutoka mjini. Kisha akaukunjua mkeka palepale chini mbele ya mizani, mwekundu na wa zambarau juu ya sakafu ya saruji, watu wakaacha mazungumzo yao kuutazama. Alipiga magoti, akatafuta kwa ncha ya kidole pembe alipofunga fundo la mwisho.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nafumua. Njoo ushike huku. Na wewe mnunua nazi, acha kukodoa macho, vuta uzi huo."

Taraza ndiyo iliyomuuma. Aliitoa mwanzo, akaizungushia kiganjani bila kuitazama. Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mkeka ni ukili mmoja mrefu, unakwenda na kurudi, umeshonwa ubavu kwa ubavu kwa uzi wa ukindu. Mwenye kuushona anajua uzi unapoanzia, na akiuvuta kwa akili, safu zinaachana moja baada ya moja. Suad alivuta kwa makini kama anayemchana mtoto nywele. Mwinyihaji alivuta kwa nguvu, na penye fundo akatumia meno.

"Polepole! Huo si mfupa!"

"Shemeji, mimi mtu mzima, nina duka, nina heshima zangu. Watu wananiona nimepiga magoti natafuna mkeka."

"Watasema umeona njaa. Vuta."

Gona aliwasimamia kwa muda, mikono nyuma. Kisha akatazama huku na huku, akavuta soksi zake, akachuchumaa akashika upande wa nne. Alisema tu kwamba mama yake anasuka, na hakusema zaidi.

Magunia ya barua yalipowasili, mkeka haukuwapo tena. Ulikuwapo ukili, umekunjwa kwa duara moja kubwa kama gurudumu, na ncha yake ya mwisho Mwanasaumu ameifumua kiasi cha shibiri, ukindu umechanua tayari kusukwa. Aliutia mkononi ukakaa begani. Alisimama mbele ya Gona.

"Hiki nini, mama?" Gona aliuliza kwa sauti ya kazi.

"Kazi ya mkono."

"Imekwisha?"

"Haijaisha. Huoni?"

"Uzito wake?"

"Ulishaupima. Nilipanda nao."

Gona akaangalia maandishi yake, akatikisa kichwa kukubali. "Pita, mama. Msalimie mjukuu."

Mwinyihaji alimfuata mpaka kwenye kamba isiyopitwa. "Shemeji! Ratili ngapi?"

Mwanasaumu hakugeuka. Alipunga mwavuli.

*

Ndani ya ndege aliketishwa kando ya yule memsahibu. Mashine zilipoanza kunguruma alisoma kila aya aliyoihifadhi, na aya zilipokwisha akazirudia. Kisha, kwa kuwa macho yalikataa kutazama dirishani, aliyaelekeza mikononi na kuanza kusuka. Jirani yake naye alikuwa akifuma, midomo imebana. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Lakini walipokuwa juu ya maji, memsahibu aliinua kile kitu cheupe, na kumbe ni kisoksi kisichotosha hata kidole gumba cha mtu mzima. Akanyoosha viganja kuonyesha urefu wa mtoto. Mwanasaumu naye akanyoosha vyake. Viganja vya Mwanasaumu vilikuwa vimeachana zaidi kidogo. Hata hapo hakukubali kushindwa.

Akiwa anasuka alikuwa pia akipanga maneno ya kumwambia Hafswa. Aliyapanga mazuri, yenye mwanzo na mwisho, ya mama anayejua kusema. Yote aliyapoteza kwenye ngazi ya kushukia.

Jamaludin alimpokea kwa heshima zote na kumpeleka nyumbani. Hafswa alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya mto, uso umejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiinuke."

Hafswa alilitazama gurudumu la ukili begani mwa mama yake. "Umekuja na kazi, mama? Hata siku ya safari hupumziki?"

"Huu asubuhi ulikuwa mkeka," Mwanasaumu alisema. "Mkeka mzima, una hata taraza. Muulize ami yako Mwinyihaji, ameufumua kwa meno."

"Mkeka wa nani?"

Mwanasaumu aliuteremsha ukili, akauweka chini, akavua viatu alivyosahau kuvivua mlangoni, akaviweka sawa. Mwishowe hakubakiwa na kitu cha kufanya.

"Wako. Ulikuwa wako tangu ulipoolewa. Nimechelewa kuusuka."

Hafswa aliinua macho kutoka kwenye ukili. Alikuwa ameurithi ulimi wa mama yake, na Mwanasaumu alijikaza kama mtu anayesubiri maji ya baridi.

"Ulisema nitalala mkeka wa wenyewe."

"Nilisema. Mkeka unafumuka, Hafswa, nimeuona leo. Neno halifumuki, ningelifumua zamani. Nisamehe."

Nje watoto walikuwa wakicheza. Kisha Hafswa alipangusa uso kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono.

"Sindano umekuja nayo, au nayo haikuruhusiwa?"

Walishona pamoja, mama upande huu na mwana upande ule. Hafswa alisema safu za mama zinakwenda upogo siku hizi. Mwanasaumu alisema ni tumbo la Hafswa linalousukuma mkeka. Alisimulia habari ya mizani, na ya shemeji aliyerefusha shingo, na Hafswa akacheka mpaka akashika ubavu, na Jamaludin akaja mbio akidhani saa imefika.

Ilipofika kweli, mkeka ulikuwa nusu. Mtoto alitoka mwanamume, ana sauti, na mkunga alipomaliza kumfuta akauliza alazwe wapi. Mwanasaumu alisimama katikati ya chumba na ule mkeka usiokwisha mikononi, nusu umeshonwa na nusu bado gurudumu, macho yamemjaa machozi.

"Haujaisha," alisema. "Bado haujaisha."

"Mama," Hafswa alisema kutoka kitandani, sauti imechoka lakini utani haujachoka. "Hebu mtazame huyo. Ana urefu gani wa kutaka mkeka mzima? Mlaze. Akikua tutamwongezea."

Mwanasaumu akautandika, akamlaza. Nusu ilimtosha na ikabaki, na ukili uliosalia ukakaa kando yake umejikunja kama paka.

Jioni yake Jamaludin alikuja na mizani ya dukani, akampima mwanawe ndani ya kitambaa. Alikuwa akienda posta kupeleka simu Changamwe, akauliza mama angependa aandike nini.

"Mwandikie shemeji yangu," Mwanasaumu alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Ule uzito aliokuwa akiuuliza, ni ratili saba."